Mwana wa Ingwe avaa kijani ugenini

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia mgeni avae nini anapopelekwa uwanjani.

Mwaka wa 2012 nilikuwa Glasgow, Scotland, nikisomea kozi fupi. Niliondoka nyumbani bila kuelewana na Baba, aliyetaka nibaki Nairobi nishikilie kazi niliyokuwa nayo. Kwa miezi miwili simu zangu zilikuwa za Mama tu. Baba akisikia ni mimi, alikuwa na shughuli.

Lakini mkobani nilikuwa nimebeba skafu ya buluu na nyeupe ya AFC Leopards. Baba ndiye aliyenivika nilipokuwa na miaka saba, siku tulizokuwa tukitembea kutoka Makongeni hadi City Stadium kuitazama Ingwe. Safari hizo zilikatika Jumapili moja mawe yalipoanza kuruka jukwaani. Baba alinifunika kwa koti lake, tukatoka mbio, na jiwe moja likampata begani. Hakunipeleka tena. Nami, kwa utoto wangu, nikamwona mwoga.

Basi jirani yangu wa Glasgow, mzee wa miaka sabini na ushei, alipobisha mlango akasema ana nafasi moja ya kutazama Celtic na Barcelona, nusura niruke dari. Kiti kilikuwa cha mwanawe, ambaye wiki hiyo alikuwa kazini mbali.

Jioni ya Novemba 7 nikajitokeza na skafu yangu shingoni. Mzee alinitazama kama aliyeona nyoka.

"Kijana, unataka tuuawe sote wawili?"

Kumbe buluu ni rangi ya Rangers, mahasimu wa jadi wa Celtic! Celtic ni kijani na nyeupe. Msomaji, hebu fikiria: mimi, niliyelelewa nikijua kijani ni cha Gor Mahia, nivishwe kijani mchana kweupe! Nilikubali shingo upande, na skafu ya Ingwe ikabaki mezani kwa mzee.

Njiani aliniambia kuwa klabu yao ilianzishwa Novemba 1887 na mtawa mmoja kutoka Ireland, Brother Walfrid, ili kuchanga pesa za kuwalisha watoto wa maskini wa mashariki mwa Glasgow. Usiku huo walikuwa wakiadhimisha miaka 125. Timu zilipoingia, mashabiki zaidi ya 55,000 waliinua karatasi za rangi, na uwanja mzima ukageuka picha moja. Nyuma yangu alikaa babu, mwanawe na mjukuu, kila mmoja na pai yake ya nyama. Pombe haikuwapo.

"Usidhani tulizaliwa na adabu," mzee akaninong'oneza. Mwaka wa 1980, baada ya fainali ya Kombe la Scotland, mashabiki wa Celtic na Rangers walipigana katikati ya uwanja wa Hampden hadi polisi wakaingia na farasi. Sheria ikapiga marufuku pombe viwanjani. Uhasama haukuisha, alisema, lakini yeye aliweza tena kuja na mwanawe.

Dakika ya 21 Charlie Mulgrew akapiga kona. Kijana mmoja akaruka juu ya walinzi wa Barcelona na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Alikuwa Victor Wanyama wa kwetu, miaka 21, jezi namba 67, mwaka ambao Celtic ilishinda Kombe la Ulaya. Hakuna Mkenya aliyekuwa amefunga bao katika Ligi ya Mabingwa kabla yake.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka yule babu wa nyuma akinikumbatia kwa mkono wenye pai, akiniuliza kama namjua mchezaji huyo.

"Babake, Noah Wanyama, alichezea timu ya skafu niliyokatazwa kuvaa!" nikamjibu.

Barcelona walimiliki mpira karibu muda wote, lakini dakika ya 83 Tony Watt, mtoto wa miaka 18, akaongeza la pili. Messi akafunga katika muda wa majeruhi. Mambo yakaishia 2-1, na wazee wazima wakalia hadharani.

Nairobi ilikuwa yapata saa sita na nusu usiku. Nikapiga simu. Akaipokea Baba.

"Umemwona mtoto wa Noah?" akauliza, bila salamu.

"Nilikuwa uwanjani, Baba."

Kimya. "Ulivaa nini?"

"Kijani."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kulikuwa na mawe?"

"Hakukuwa, Baba."

"Vyema," akasema. Nikajua kwamba miaka yote hiyo yeye pia hakuwa ameisahau Jumapili ile. Hakuwa mwoga. Alikuwa mzazi aliyenyimwa kitu alichotaka kumrithisha mwanawe, kama Noah alivyomrithisha Victor, na kama yule mzee alivyomwekea mwanawe kiti.

Siku hizi niko nyumbani, na binti yangu ametimiza miaka saba. Kila Ingwe ikikutana na Gor huniomba nimpeleke. Nimekuwa nikimwambia "wiki ijayo", maana hofu nayo hurithiwa. Viwanja vyetu havitatulia kwa sisi wazazi kuviachia warusha mawe.

Juzi nilimuuliza Baba maoni yake. Begani bado ana kovu.

"Mpeleke," akasema. "Nitakuja nanyi. Nitabeba koti."