KANJI 2,000 KWA SIKU 30? HUYU "SENSEI" ARUDISHE HELA ZA WATU

Kuna jamaa mmoja mtandaoni, jina kapuni, anajiita "sensei". Kila siku tangazo ni lile lile: kanji 2,000 kwa siku 30, lipia kozi, karibu inbox. Na vijana wa anime wanalipa kweli, wengine kwa hela ya nauli.

Mbinu yake yenyewe haina ubaya. Mtu akiegemea mti 木 unapata 休, kupumzika. Jua 日 likikaa na mwezi 月 unapata 明, mwanga. Hadithi kama hizi zinaganda kichwani fasta. Ila si yeye aliyezianzisha. James Heisig alitoa kitabu cha mtindo huo tangu 1977, na hakumdanganya mtu: kitabu cha kwanza ni maana na kuandika tu, matamshi yako cha pili.

Sensei huyu cha pili hana. Juzi yuko laivu, mtu akamuwekea 今日 asome. Akajibu kwa kujiamini, "Sasa... jua!" Watu wakacheka hadi basi. Hiyo inasomwa "kyoo", yaani LEO, neno la wiki ya kwanza kwa yeyote anayejifunza Kijapani! Picha zote mbili alizijua, neno hakulijua. Kesho yake eti wenye wivu wanamchafua.

Wivu wa nini sasa? Chukua 生. Kwenye "sensei" inasomwa "sei". Kwenye "tanjoobi", siku ya kuzaliwa, inasomwa "joo". Kikiwa kitu kibichi inasomwa "nama". Kichoro kimoja cha mmea unaoota kitakuambiaje yote hayo? Hakiwezi.

Mtoto wa Kijapani, anayeongea lugha hiyo tangu anajifunza kutembea, anafundishwa kanji 1,026 kwa miaka SITA ya shule ya msingi. Orodha rasmi ya kanji za kawaida ina 2,136. Halafu mtu aje akuambie siku 30, tena ukiwa kwenye daladala?

Kinachouma ni kwamba kuna wanaosoma Kijapani kwa malengo, wanataka chuo au kazi Japani. Mtihani wa JLPT utawauliza neno linasomwaje, hautawauliza hadithi ya mtu na mti. Watafeli, waseme Kijapani ni kigumu, kumbe walifundishwa nusu.

Anayetaka kujifunza kweli asitupe vichoro. Ashike kichoro pamoja na neno zima na sauti yake: 休む, "yasumu", kupumzika. Kumi kwa wiki zikikaa kichwani zinatosha kuanzia.

Na sensei abadilishe tangazo, aandike "Picha 2,000 kwa siku 30". Hapo hakuna atakayemdai.

Ulishawahi kulipia kozi ya hivi ukabaki unatoa macho? Shusha komenti yako hapo chini.