SARAFU MOJA, LAKINI MVUA SI MOJA



Wazee wetu wakumbuka kwamba mpaka 1966 shilingi ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ilikuwa moja. Tarehe 30 Novemba 2013, huko Kampala, wakubwa wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi walitia sahihi mapatano ya kuwa na sarafu moja tena. Ilikusudiwa ianze 2024. Sasa imesogezwa mpaka 2031. Sisi hatuipingi. Lakini twauliza: mwaka wa ukame, nani atalipa?

Kumbukeni mambo ya juzi. Tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki ya Kenya. Vita vya Ukraine navyo vikapandisha mafuta na mbolea. Oktoba 2022 bei za vitu zilikuwa juu kwa asilimia 9.6 kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka huo Benki Kuu ilipandisha riba yake mara tatu, kutoka asilimia 7 mpaka 8.75. Hatusemi ilikosa, maana bei zikiachwa zikimbie, mshahara huoza mfukoni. Lakini riba hainyeshi mvua. Mfanyi kazi alilipa mara mbili: dukani kwa unga, na tena kwa mkopo.

Basi, sarafu ikiwa moja, riba nayo itakuwa moja. Kitui ikikauka huku Rwanda imevuna, riba hiyo itampimia nani? Wala nchi iliyoumia haitaweza kushusha thamani ya fedha yake. Kitakachobaki kushushwa ni mishahara na kazi zetu. Tazameni Hispania: ukame wa 2022 na 2023 uliharibu zeituni, bei ya mafuta yake ikapanda sana, lakini riba yao hukatwa Frankfurt kwa ajili ya nchi zote za yuro. Na kwa kuwa dunia inazidi joto, ukame na mafuriko havitapungua.

Kwa hiyo twataka mambo matatu kabla ya 2031. Kwanza, mfuko wa maafa na akiba ya nafaka vya nchi zote pamoja. Pili, mshahara wa chini upimwe kila mwaka kwa bei ya chakula. Tatu, vyama vya wafanyi kazi visikizwe kabla ya kukata shauri.

Mapatano ya tajiri hatuyatii sahihi bila kuyasoma. Haya nayo tuyasome. Kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao.