Ufunguo wa ofisi hauzikwi na mtu

  

Leo, kwa sisi Wakatoliki, ni Dominika ya 21 ya Mwaka A, na masomo yetu yanazungumzia funguo. Katika somo la kwanza (Isaya 22:19-23) ufunguo wa nyumba ya Daudi unaondolewa kwa mtu mmoja na kuwekwa begani mwa mwingine. Katika Injili (Mathayo 16:13-20) Bwana Yesu anamkabidhi Petro funguo za Ufalme wa mbinguni. Kabla sijayafafanua, naomba nikusimulie kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha masomo haya kuliko nilivyofundishwa seminarini.

Mwezi wa Novemba mwaka jana katibu wa ofisi yetu ndogo ya kanisa, hapa kisiwani Pemba, alifariki ghafla. Alilala Jumamosi akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Tulimzika kwa heshima. Siku chache baadaye niliketi mbele ya kompyuta ya ofisi, nikaiwasha, ikaniuliza neno la siri. Nikaandika jina la kanisa letu, ikakataa. Nikaandika mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza, ikakataa. Nikajaribu somo wa kanisa letu, nikajaribu namba ya simu ya ofisi. Mashine niliyoipokea mimi mwenyewe bandarini ikawa inanitazama kama mlinzi wa getini asiyenijua.

Vyeti vya ubatizo havikunipa shida. Madaftari ya ubatizo na ndoa tunayo kabatini, ya karatasi, kama Sheria za Kanisa zinavyotaka. Shida ilikuwa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 27. Wamo wauza vitumbua, walimu wa skuli, wake za askari, wachuma karafuu. Wamo Wakristo na wamo Waislamu. Kila wiki walinunua hisa zao, na fedha ziliwekwa katika kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo tatu walikuwa nazo akina mama watatu wa nyumba tatu tofauti, ili asiwepo hata mmoja wa kukifungua peke yake. Ndivyo vikundi vingi vya namna hii vinavyofanya.

Lakini hesabu, yaani nani kaweka kiasi gani na nani anadaiwa, ilikuwa ndani ya kompyuta tu. Zamani ilikuwa katika daftari kubwa la jalada gumu. Mimi ndiye niliyesema daftari ni mambo ya kale, tuhamie kwenye kompyuta. Hata vijitabu vya wanachama tuliacha kuvijaza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, ila tulilifungia mahali pasipo na mlango.

Desemba ikafika, wakati wa mgao. Mama mmoja alitaka ada ya mwanawe, mwingine sare za skuli za watoto watatu kwa ajili ya Januari. Fedha zipo kisandukuni, lakini ni za nani, kiasi gani? Minong'ono ikaanza. Huenda marehemu alizila. Huenda ndiyo maana hakuna anayelijua hilo neno la siri. Katika kikao nikaombwa niseme kitu. Nikasema, "Tusubiri tuone."

Mpendwa msomaji, maneno hayo mawili ndiyo dhambi yangu. Nilimjua yule mtu kwa miaka tisa. Nilipaswa kusimama na kulitetea jina lake. Badala yake nilijikinga mwenyewe kwa maneno ya busara ya uongo, na minong'ono ikapata baraka ya padre.

Ndipo mama mwenyekiti, mtu mzima asiyependa makelele, akaniuliza mbele ya wote, "Baba, si wewe uliyemwambia hapa hapa, neno la siri usimpe mtu yeyote, hata mimi usinipe?" Nikakumbuka. Nilisema hivyo, tena kwa kujisifu, nikidhani ndio usalama. Marehemu hakuficha kitu. Alinitii mimi.

Nikaipeleka mashine Chake Chake kwa fundi, kijana wa Kiislamu mwenye duka dogo la kutengeneza simu na kompyuta. Nilidhani atachukua dakika kumi. Akaniuliza kwanza, "Padri, samahani. Mashine hii mwenyewe nani? Una karatasi?" Nilikasirika kidogo moyoni. Mimi na kanzu yangu naulizwa karatasi? Akaniambia kwa upole kwamba kila wiki huletewa kompyuta na simu ambazo aliyezileta si mwenyewe, na kwamba vilivyomo ndani ya mashine ni amana za watu. Alikuwa na haki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia kwa makusudi katika kompyuta bila idhini halali. Nikarudi na barua yenye muhuri, risiti ya manunuzi, na mama mwenyekiti kuwa shahidi.

Fundi akatueleza njia zilizopo. Ya kwanza, na ndiyo rahisi, ni kile mafundi wanachoita "kupiga Windows": kufuta kilichomo na kuweka programu upya. Mashine ingefunguka, lakini hesabu za akina mama zingefutika. Ya pili ni kutoa diski na kuisoma katika kompyuta nyingine. Alijaribu, akakuta diski imefungwa kwa msimbo, inadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao hatukuwa nao. Ya tatu ni kumwomba mwenye akaunti aweke neno jipya. Kompyuta ilikuwa imesajiliwa kwa akaunti ya intaneti, na namba ya uthibitisho ingetumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya marehemu.

Hapo ndipo ilinibidi niende kule nilikokuwa nakukwepa, nyumbani kwa mjane. Nilimkuta anachambua mchele. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, ni kweli wanasema mume wangu aliiba?" Nikamjibu kwamba wanasema, na kwamba mimi sikuwanyamazisha, na kwamba nimekuja kumwomba radhi kabla ya kumwomba kitu kingine chochote. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoka na ile simu. Laini ilikuwa bado hai. Alikuwa akiiwekea vocha kwa sababu wapo watu waliokuwa bado wanampigia marehemu bila kujua habari za msiba. Angeiacha, laini ingefungwa na siku moja kupewa mtu mwingine, na njia ya tatu nayo ingekufa.

Tulikwenda wote kwa fundi. Ujumbe ukaingia, mjane akaisoma namba kwa sauti yake mwenyewe. Ilipofika saa ya kuandika neno jipya, yule kijana akageuza kiti chake akatazama ukutani. "Andikeni nyinyi," akasema. "Mimi sitaki kulijua."

Mashine ikafunguka. Siku hiyo hiyo tukawaita akina mama, funguo tatu zikaja, kisanduku kikafunguliwa, fedha zikahesabiwa mezani. Zililingana na hesabu ya marehemu mpaka shilingi ya mwisho. Katika ukurasa wa wadaiwa kulikuwa na majina manne. La mwisho lilikuwa langu: Sh 85,000 nilizokopa mwezi wa Julai kununua tairi la pikipiki na kuzisahau. Hakuwahi kunidai mbele ya mtu. Nililipa pale pale, kisha nikasimama nikamwomba mjane radhi mbele ya wale wote waliosikia "tusubiri tuone."

Sasa turudi katika Maandiko. Yule aliyenyang'anywa ufunguo katika Isaya ni Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme. Soma aya zinazotangulia somo la leo, utaona kosa lake. Alikuwa akijichongea kaburi la fahari juu mwambani, kana kwamba cheo ni mali yake hata baada ya kufa. Mungu anamwondoa na kumweka Eliakimu, ambaye atakuwa kama baba kwa wakaaji wa Yerusalemu. Tofauti ya watu hawa wawili ni hii: mmoja aliufikiria ufunguo kwa ajili ya kaburi lake, mwingine kwa ajili ya watu wanaotaka kuingia. Katika kisa changu nilitaka kumwona Shebna katika marehemu. Shebna nilikuwa mimi.

Na Petro je? Funguo anazopewa si zake. Bwana anasema Kanisa ni lake yeye, na Petro ni mtumishi wa mlangoni. Katika Luka 11:52 Yesu anawakemea waalimu wa sheria walioutwaa ufunguo wa maarifa: wao hawakuingia, na waliotaka kuingia wakawazuia. Ni karipio zito, nalo linawahusu wote tunaoshika ofisi.

Utasema, "Padre, siri ni siri." Kweli, na mimi ni mtu wa siri kwa wito wangu. Siri ya kitubio nitakwenda nayo kaburini, na hakuna barua wala mahakama itakayoitoa. Lakini siri ya ofisi haipaswi kulala nami kaburini hata usiku mmoja. Kanisa lenyewe linajua tofauti hiyo. Kanuni ya 490 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema ufunguo wa kabati la nyaraka za siri za jimbo awe nao askofu peke yake. Lakini kanuni hiyo hiyo haikusahau kwamba askofu naye hufa. Jimbo likiwa wazi, imetaja nani anaweza kulifungua, na pale tu panapokuwa na lazima ya kweli. Na mwishoni mwa mwaka 1199 Papa Inosenti III aliagiza kila kanisa liweke sanduku la sadaka kwa ajili ya Nchi Takatifu lenye funguo tatu: moja ya askofu, moja ya padre, moja ya mlei mcha Mungu. Akina mama wetu walifuata hekima ileile bila kumsoma Papa huyo. Aliyekwenda kinyume chake ni mimi msomi.

Hata neno la siri la kompyuta halikuanzishwa ili kumfungia nje mwenye mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walikuwa na mashine moja iliyotumiwa na watu wengi. Wakaweka maneno ya siri ili kila mmoja awe na sehemu yake bila kuingiliwa na mwingine. Kwa hiyo liliwekwa kwa ajili ya watu kuishi pamoja kwa heshima.

Basi wewe mhasibu wa usharika, katibu wa kwaya, mwalimu mkuu, mweka hazina wa jumuiya, sikiliza ushauri wa mtu aliyeaibika. Kompyuta ya ofisi isajiliwe kwa namba na anwani ya ofisi, si ya mtu binafsi. Wawepo wawili wenye mamlaka ya kuifungua, kila mmoja kwa neno lake mwenyewe, ili hata kosa lijulikane ni la nani. Neno la dharura, pamoja na zile tarakimu 48, liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa, isainiwe na watu wawili na kuwekwa kabatini kwenye kufuli, si kubandikwa chini ya meza. Hesabu za watu ziwe na nakala katika diski nyingine, na za fedha ndogo ndogo ziwe pia katika daftari. Unapohamishwa, makabidhiano yako yasiishie kwenye viti na mabati. Na ukiwa mkubwa wa kazi, usimdai mtumishi wako siri za simu yake binafsi. Hizo si zako.

Hapa kwetu daftari la jalada gumu limerudi, na bahasha ipo kabatini. Saini zilizo juu yake ni mbili: yangu na ya mama mwenyekiti.

Jiulize Jumapili ya leo: nikiitwa na Bwana usiku huu, nani kesho atabaki mlangoni akigonga kwa sababu yangu? Na yupo marehemu au aliyehama ambaye jina lake nimeliacha lichafuke, kwa kuwa tu sikuwa na ufunguo wa kuujua ukweli wake?

Ee Bwana, wewe unayefungua na hakuna afungaye, utupe mikono inayoshika funguo kwa uaminifu na kuziachilia kwa wakati. Umpumzishe kwa amani mtumishi wako aliyetunza hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Amina.