Tuwe Wateja wa Kwanza wa Vijana Wetu

Serikali ilipozindua Ruwaza ya Kenya 2030 mnamo Juni 2008, iliteua sekta sita za kuubeba uchumi. Miongoni mwake ilikuwa kazi ya kuzihudumia kampuni za ng'ambo: kupokea simu za wateja wao, kuingiza data zao, kupanga hesabu zao. Mwaka uliofuata nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na kijana wa Nairobi akaweza kufanya kazi ya ofisi ya Uingereza au Marekani bila kupanda ndege.

Siidharau kazi hiyo. Imewalipia wengi kodi ya nyumba na karo za wadogo zao. Imewafundisha kushika muda, kumsikiliza mteja aliyekasirika bila kumjibu vibaya, na kuandika ripoti inayosomeka. Kwa vijana waliomaliza chuo wakazunguka mjini na vyeti kwa miaka, hiyo ni neema, nami nawaheshimu wanaokesha wakiifanya.

Lakini tazama faida inavyogawanywa. Januari 2023 jarida la TIME lilichapisha uchunguzi kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na dhuluma za kingono siku nzima, wakiyapanga kwa makundi, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Mkataba na wenye programu hiyo ulimpa mwajiri wao dola 12.50 kwa saa. Kwa mujibu wa jarida hilo, kijana alipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Programu ilipopata umaarufu duniani kote, hakuna hisa hata moja iliyobaki kwa aliyeyasoma maovu yale hadi usingizi ukampotea. Wapo pia waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa nchi za mbali. Kompyuta zilipoanza kuandika zenyewe, kazi hiyo ilianza kuwaponyoka, na mkononi hawakubaki na kitu cha kuuza kwingine. Anayefanya kazi ya kutumwa hupangiwa bei, na siku ya kuachwa pia hupangiwa.

Ujuzi tunao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ikiwaka moto, kikundi kidogo cha Wakenya na marafiki zao kiliunda mfumo wa Ushahidi ndani ya siku chache, mwananchi apate kuripoti ghasia kwa simu zikaonekana kwenye ramani. Miaka miwili baadaye mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kinachokosekana ni mtu wa hapa nyumbani wa kununua kitu cha kwanza wanachokitengeneza vijana hawa, akakitumia, akawaambia kilipoharibika, kisha akanunua cha pili. Wawekezaji tunawazungumzia kila siku. Mteja wa kwanza hatumzungumzii kabisa.

Tuchukue mfano wa M-Pesa, maana tunaisifu bila kuikumbuka vizuri. Majaribio yalianza mwaka 2005, na Vodafone ya Uingereza na fedha za serikali ya nchi hiyo zilikuwa ndani yake. Kwa miaka mingi kompyuta zake kuu zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Lengo la awali lilikuwa dogo: wakopaji wa taasisi za mikopo midogo walipe mikopo yao kwa simu. Watumiaji hawakuishia hapo. Walianza kutumiana pesa, kulipiana madeni, na kuweka hela kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Wahandisi waliona hayo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo sehemu iliyoifanya kuwa kubwa ilibuniwa na watumiaji wa kawaida, watu waliokubali kukitumia kitu kipya kabla hakijakamilika. Uvumilivu kama huo ndio ninaowaombea vijana wetu.

Jirani zetu Tanzania wameanza kuuonyesha uvumilivu huo upande wa serikali. GePG, mfumo unaompa mwananchi namba ya kulipia huduma za umma, ulijengwa na wataalamu wa Serikali wenyewe. Mwaka 2023 waliachana na mfumo wa TANePS katika manunuzi ya umma, wakahamia mfumo wa NeST, uliojengwa pia na Watanzania. Kila hitilafu wanayoirekebisha ni somo linalobaki nchini.

Utaniambia umewahi kununua kwa kijana wa hapa, ukaachwa na mfumo unaozimika mwisho wa mwezi. Nakubali hayo hutokea. Sisemi tununue kazi mbovu kwa huruma. Dai majaribio, dai mkataba, dai kwamba data za wateja wako zitabaki zako hata mkiachana. Ila tofauti ipo: aliyeujenga mfumo yuko Ngong Road, Nairobi, au Kisumu, na unaweza kumwita aketi na mhasibu wako akione kinachomsumbua. Mfumo wa mbali nao huzimika, na wewe hubaki na nambari ya simu isiyopokelewa.

Jambo linaloniuma zaidi ni malipo. Kampuni ya watu watano inashinda zabuni, inafanya kazi, inakabidhi, kisha inangoja. Kaunti zetu na wizara zina malimbikizo ya madeni ambayo kila bajeti huahidi kuyamaliza. Mwanakandarasi mkubwa ana benki ya kumshikilia. Wale watano huuza kompyuta, na aliyekuwa hodari kuliko wote hurudi kwenye zamu ya usiku. Tunalalamika kwamba vijana hawabuni, na huku waliobuni tumewanyima haki yao. Wewe unayetia saini hati za malipo, nakusihi kwa heshima: faili ya kampuni ndogo iliyokamilisha kazi usiiache chini ya zile kubwa.

Mwanangu unayefanya kazi kwenye kituo cha simu, usiache mshahara kwa sababu ya maneno yangu. Lakini umewasikia maelfu ya wateja, na unajua penye uchungu kwenye bima, kwenye mizigo, kwenye miadi ya hospitali. Mtafute mwenzako anayeandika programu na mwingine anayejua hesabu. Chagueni tatizo moja la watu wa hapa, mtu mnayeweza kumfikia kwa matatu, na mjenge kitu kidogo anachoweza kukijaribu. Nanyi ndugu mlioko Dallas, London na Doha, mkiwa wahandisi, saa chache za kukagua kazi ya kundi moja la nyumbani zina faida kubwa kwao.

Mwalimu mkuu, kazi ya kupanga ratiba au kufuatilia karo itoe kwa majaribio, muhula mmoja, kwa kampuni ya kaunti yako, na uilipe muhula ukiisha. Mmiliki wa duka la jumla, fanya vivyo hivyo na hesabu ya bidhaa zako.

Wengi wetu hatuna duka wala shule, lakini ni wanachama wa Sacco, na pesa inayonunua mfumo wake ni yetu. Mkutano mkuu wa mwaka utakapoitishwa, inua mkono uulize: mfumo tunaoutumia umejengwa na nani, tunaulipia kiasi gani kwa mwaka, na je, kampuni ya hapa nyumbani ilipewa nafasi ya kushindana? Usipojibiwa, uliza tena mwaka ujao, na umwombe jirani yako asimame aulize pamoja nawe.