Ufunguo wa Sanduku la Barua Usikae Kariakoo



Msimu unapokaribia, makarani wa matawi yetu huanza kuandikiana na wenye maduka wa Kariakoo juu ya magunia, majamvi, kamba na maturubai. Ankara haziji tena kwa mkono wa abiria wa boti. Huja kwa barua pepe. Basi kompyuta ikiandika kwamba imeshindwa kuungana na seva, kazi husimama, na shauri linalotolewa ni lile lile: ivushwe Dar es Salaam, apewe fundi wa Kariakoo, naye apige Windows upya. Sisi twaona shauri hili lina hasara, na yafaa tueleze sababu.

Hatusemi haya kwa kuwadharau mafundi. Katika mitaa ya Aggrey, Msimbazi na Uhuru wako vijana wenye maarifa makubwa. Lakini fundi hutibu maradhi aliyotajiwa. Ukimwambia "barua haziji" na kunyamaza, na nyuma yako wateja wamepanga mstari, atafuta kila kitu na kuanza upya, maana hiyo ndiyo njia fupi. Programu nyingi za zamani ziliwekwa kwa njia iitwayo POP, ambayo aghalabu huzichukua barua kutoka kwa seva, huziweka ndani ya kompyuta, kisha huzifuta kule zilikotoka. Kompyuta hiyo ikifutwa bila ya nakala, ankara na mapatano ya miaka hayapatikani tena. Njia ya IMAP huziacha barua kwenye seva, na kompyuta ikifa barua zingaliko. Kila tawi yalipasa kujua linatumia njia ipi kabla ya mtu yeyote kuigusa kompyuta.

Hasara ya pili ni ya ufunguo. Fundi huomba neno la siri, akaandikiwa kwenye kipande cha karatasi, na karatasi ikabaki juu ya meza ya duka. Aliyenalo aweza kusoma barua zetu popote alipo, na kuweka amri ya kupelekewa nakala ya kila barua bila ya sisi kujua. Kisha siku moja yaja barua kwa jina la mwenye duka tunayemjua, ikisema namba ya akaunti yake ya benki imebadilika. Asidhani mtu kwamba hudanganywa wajinga tu. Kati ya mwaka 2013 na 2015 mtu mmoja wa Lithuania alizitoa kampuni za Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kwa barua pepe na ankara za uongo, akakiri kosa mbele ya mahakama ya New York mwaka 2019. Ikiwa wao walilipa, sisi na magunia yetu ni nani?

Sasa wako wanaosema: sisi ni wakulima, mambo ya seva yatuhusu nini? Jawabu letu ni kwamba hakuna mkulima anayempa mtu karafuu zake azichambue, azianike na azipime peke yake, kwa sababu tu mizani ina namba. Na kutafuta kosa la barua pepe si elimu ya ajabu. Ni kwenda kwa taratibu, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza, fungua ukurasa wowote wa intaneti. Usipofunguka, huenda kosa si la barua wala la kompyuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania nzima na kwa jirani zetu. Siku kama hiyo fundi hana la kufanya ila kula fedha yako.

Pili, intaneti ikiwapo, ingia kwenye barua zako kwa kupitia ukurasa wa wenye huduma yenyewe. Zikifunguka kwa neno lile lile la siri, basi sanduku ni zima na neno ni sahihi. Kosa limo katika programu. Tazama pia kama sanduku halikujaa, maana Google hutoa bure nafasi ya GB 15 tu, na picha zako zimo humo humo.

Tatu, pambanua kupokea na kupeleka, maana ni milango miwili. Barua hupokewa kwa mlango namba 993 ikiwa ni IMAP, au 995 ikiwa ni POP. Hupelekwa kwa mlango 587 au 465. Mlango 25 wa zamani mitandao mingi imeufunga kwa ajili ya watuma takataka. Zikija na zisiende, usiuguse upande wa kupokea.

Nne, kompyuta ikilalamika juu ya cheti cha usalama, tazama tarehe yake. Betri ndogo iliyo ndani ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta hurudi miaka ya nyuma, na cheti kizuri huonekana kibovu. Tarehe ikiwa sawa na malalamiko yakaendelea, usikubali tu; hama mtandao huo kwanza.

Tano, ikikataa neno la siri ambalo wajua ni sahihi, huenda programu imezeeka. Google tangu tarehe 30 Mei 2022, na Outlook.com tangu tarehe 16 Septemba 2024, zilianza kuzikataa programu zinazoingia kwa jina na neno la siri peke yake. Hapo dawa ni programu mpya inayojua kuomba ruhusa kwa wenye huduma, kama Thunderbird, ambayo haiuzwi. Kubadili neno la siri mara kumi hakutasaidia kitu.

Baada ya hayo, kama bado, nenda Kariakoo. Lakini nenda na maneno ya hitilafu yaliyonakiliwa kama yalivyo, keti karibu na fundi, chapa neno la siri kwa mkono wako, na jioni ile ile libadilishe.

Twapendekeza basi mambo matatu kwa mkutano mkuu. Kila tawi liwe na anwani yake lenyewe, si anwani ya karani, ambayo karani akiondoka huondoka nayo. Majina ya seva na namba za milango yaandikwe katika daftari la tawi, na neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa, liwe mikononi mwa katibu na mshika fedha. Na akaunti mpya ya benki isilipwe hata shilingi moja mpaka mwenye duka apigiwe simu kwa namba tuliyokuwa nayo tangu zamani. Simu hiyo ni ya senti chache, na magunia ya msimu mzima hutegemea simu hiyo.