Kabla hujamwita fundi wa pevingi
Na Salma Kombo

Januari ndiyo inayoziumbua bustani za Dar es Salaam. Vuli imekwisha, masika bado, jua linachoma tangu saa mbili asubuhi, na mwenye nyumba amesimama na mpira wa maji ananywesha ukoka. Hesabu yake haina siri. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa joto la pwani nyasi hupoteza kiasi cha milimita 5 kwa siku, kwa hiyo uwanja wa mita 10 kwa 10 unataka lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20, kesho tena na keshokutwa tena. Mwishoni mwa 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgao wa maji ukatangazwa, kuna waliokuwa wakinunua dumu hilohilo kwenye mkokoteni ili wapate la kupikia.

Ukoka wenyewe hauna kosa. Ni mmea wa hukuhuku Afrika. Kiangazi hugeuka manjano, ukajikunyata, mvua ya kwanza ikinyesha ukarudi. Mwenye kiu ni sisi tunaotaka Januari ifanane na Mei. Na palipo na watoto wa kucheza mpira, uacheni. Sijaona mmea mwingine unaovumilia miguu namna hiyo.

Ila wengi waliochoshwa na kumwagilia na kufyeka wamekimbilia pevingi. Uwanja mzima, geti hadi ukuta, unafunikwa vitofali vya saruji, na tunaambiwa ni usafi. Mchana vinahifadhi joto, jioni vinalirudisha madirishani, halafu feni inalaumiwa. Mvua ikija, maji yaliyokuwa yanazama ardhini yanatoka getini kwa kasi kwenda kwa jirani wa chini. Jiji hili lina bonde la Msimbazi. Hatuhitaji kufundishwa maji hayo huishia wapi.

Katikati ya ukoka na pevingi ipo mimea inayotambaa, na wa kwanza ninaoutetea hauuzwi kwenye vitalu vya barabarani. Ni matembele. Omba marando kwa mtu yeyote mwenye shamba la viazi vitamu, kata vipande, chomeka masika yanapoanza. Kabla mvua hazijaisha udongo umefunikwa, na mboga unachuma hatua chache kutoka jikoni. Kiangazi yatapungua, sikatai, na hayataki kukanyagwa. Lakini pembeni mwa ukuta, au kile kipande cha mbele ambacho hakuna anayekipita isipokuwa mtunza bustani, nani anakanyaga? Najua wapo watakaosema matembele mbele ya nyumba ya ghorofa ni ushamba. Hao waendelee kununua madumu.

Chini ya mwembe, ambako ukoka hufa kwa kukosa jua, weka ile jamii ya karanga yenye maua madogo ya njano ambayo wataalamu huiita Arachis pintoi. Asili yake ni Brazil, ilikochukuliwa mwaka 1954. Inavumilia kivuli, inastahimili kukanyagwa kidogo, na mizizi yake, kama ya kunde, hushirikiana na bakteria kuingiza naitrojeni kwenye udongo. Haihitaji kukatwa kila wiki. Walio karibu na bahari wana mtambaazi wa ufukweni, wenye maua ya zambarau na jani lililopasuka kama kwato la mbuzi, unaoshika mchanga mahali ambapo ukoka hukauka kwa chumvi.

Tahadhari moja. Muuza miche atakusifia wedelia, nayo ina maua ya njano na huenea upesi sana. Kuenea huko ndiko tatizo: imo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani, na kila kipande cha shina kinachotupwa jalalani huota. Mkatalie kwa heshima.

Halafu kuna hoja ya nyoka. Bibi zetu walifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa hadi udongo ukabaki mtupu, na hawakuwa wajinga. Uwanja mtupu humwonyesha nyoka kabla hajafika mlangoni. Basi acha upande wa mlango na njia ya miguu viwe wazi, punguza mimea isizidi kifundo cha mguu, na ondoa takataka zinazoleta panya, maana nyoka humfuata panya. Zilizobaki ni hofu tu, na hofu haistahili kumwagiwa saruji uwanja mzima.

Masika yanakaribia. Tafuta marando sasa, na fundi wa pevingi mwambie aishie kwenye njia ya gari.