Serikali na Itaje Wafu Wake

Mgeni akifika Rapsu, upande wa Kinna katika kaunti ya Isiolo, huona mifereji, migomba na mahindi, akadhani Waborana wa hapa ni wakulima tangu enzi za mababu. Sivyo. Mradi wa umwagiliaji wa Rapsu ni miongoni mwa ile iliyoanzishwa Isiolo baada ya vita vya Shifta, ili watu waliobaki bila ngamia wala mbuzi wapate cha kutia chunguni. Mfugaji hakuchagua jembe. Alipewa baada ya kunyang'anywa fimbo.

Vita hivyo, kati ya serikali na waasi wa kaskazini, vilianza mwaka 1963, vikamalizwa kwa makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967. Kwa maelezo ya serikali, askari walikuwa wakiwasaka majambazi. Kwa maelezo ya wazee wa Waborana, watu walikusanywa makambini Garba Tulla, Merti na Modogashe, na mnyama aliyekutwa malishoni nje ya kambi akahesabiwa kuwa mali ya adui. Nisieleweke vibaya: waasi nao waliua. Juni 1963 walimuua Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabaso Wabera, pamoja na Chifu Haji Galma Dida, Mborana. Lakini damu hiyo inajulikana kwa majina na tarehe. Damu ya makambini haina daftari.

Badala ya daftari, mwaka 1970 ikaja sheria ya kinga. Iliwazuia raia kuwashtaki watumishi wa serikali na askari kwa yaliyotendwa kuanzia tarehe 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Nauliza tu: kama yalikuwa ni yale yale ya kuwasaka majambazi, kinga ilitakiwa ya nini?

Desturi hii ya kuficha wafu hatukuianzisha sisi. Machi 1959 wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola, na serikali ya mkoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi ulipofanywa ikabainika walipigwa virungu hadi kufa. Mkoloni akaondoka, ofisi ikabaki, na kalamu ikabaki mezani. Februari 1984 wanaume wa Kisomali walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda walikaribia 1,000. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; hii ya Wagalla ilichukua miaka 29, na isingefika popote kama wenyeji wa Wajir wasingehifadhi majina, na kama Mbunge Ahmed Khalif asingelipeleka jambo hilo bungeni.

Sasa tuje kwenye jeraha bichi. Tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia kambi ya majeshi yetu El Adde, Somalia. Siku 12 baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliongoza ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret, na marais wa Nigeria na Somalia wakiwapo. Bendera zilikuwepo, hotuba zilikuwepo, sala zilikuwepo. Idadi ya waliokufa haikuwepo. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, akasema katika mahojiano ya televisheni kwamba walikuwa kati ya 180 na 200. Nairobi ikamkanusha, lakini yenyewe haikutaja namba. Baadaye CNN ikataja 141. Mkenya akabaki anachagua msiba wake baina ya rais wa jirani na televisheni ya Marekani. Na mwandishi Yassin Juma, aliyeandika juu ya shambulio hilo mtandaoni, alikamatwa mwezi ule ule wa shambulio.

Watetezi wa ukimya wana hoja moja, nayo si ya kudharauliwa: vita vina siri zake, na adui anasikiliza. Ni kweli. Idadi ya risasi, njia za misafara, mpango wa kesho, hayo yafichwe na anayeyatoa aadhibiwe. Lakini El Adde adui ndiye aliyebaki uwanjani. Alitembea katikati ya maiti na kamera mkononi, akazihesabu, akazipiga picha, na miezi michache baadaye akaitoa filamu. Basi siri ile alifichwa nani? Alifichwa mama wa askari tu, pamoja na mlipa kodi.

Na ukimya una mrithi. Januari 2017 kambi yetu ya Kulbiyow iliposhambuliwa, jeshi lilisema limepoteza askari 9. Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Wangapi kati yetu waliliamini jeshi bila kusita? Hapa ndipo ninapotaka kuwaonya ndugu zangu wa Isiolo, hasa vijana. Kutoiamini serikali hakumfanyi muuaji kuwa msema kweli. Al-Shabaab huongeza wafu kama mchuuzi anavyopandisha bei, na anayesambaza namba zao kwa simu kwa sababu tu zinaiaibisha Nairobi, anawafanyia kazi bila mshahara. Shaka yenu iwe na adabu: iulize pande zote mbili ushahidi.

Tena inawezekana kusema idadi ya wafu. Mei 2023 kambi ya majeshi ya Uganda huko Buulo Mareer ilivamiwa. Al-Shabaab wakadai wameua 137. Haikupita hata wiki mbili, Rais Museveni, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa kupenda kukosolewa, akatangaza kwamba wamekufa 54 na kwamba makamanda wawili watashtakiwa. Jeshi la Uganda halikuvunjika kwa kutajwa namba hiyo. Vita viliendelea, na wafiwa walijua wanamlilia nani.

Walimu wa Rapsu, wapeni wanafunzi kazi ya kuwaandika wazee waliopita makambini: jina, ukoo, kambi, mifugo iliyopotea, tarehe kama inakumbukwa. Wazee hao wanazidi kupungua. Nanyi wenye jamaa jeshini, Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaeleza namna ya kuomba. Watawajibu kwamba ni usalama wa taifa. Waombeni jibu hilo kwa maandishi, kisha mkate rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mwaka 2027 wagombea watakuja tena na kofia na fulana. Kabla hawajapewa kiti, waulizwe mbele ya watu: ripoti ya uchunguzi wa El Adde, ambayo umma haujaonyeshwa, wataidai bungeni au hawataidai? Asiyekuwa na jibu asipewe kura.